Siku ya Kufunga Sanduku

Saa tatu asubuhi, siku ya tatu ya mvua, fundi wa magitaa alichovya brashi kwenye kopo la gundi ya moto, akaipaka kuzunguka ukingo wa sanduku, akalaza ubao wa mgongo juu yake na kuanza kukaza vibanio kimoja kimoja. Vibanio vilikuwa ishirini na vinne. Alivikaza bila kusema neno. Mdogo wake, aliyekuwa chumba cha mbele akipanga viti vya wateja, naye hakusema neno, maana katika nyumba ile siku ya kufunga sanduku watu hunyamaza.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Gundi ya mgongo ikiwa bado mbichi, sanduku la gitaa hupokea kila linalosemwa karibu yake, na likishakauka hubaki nalo. Ukicharaza nyuzi zote sita kwa pamoja, maneno yale hutoka tunduni yakifuatana na muziki, hata ipite miaka mingapi. Gundi ikishakauka, basi tena, hata ulipigie kelele vipi halichukui kitu. Mafundi wanalijua hili na wateja pia. Gitaa la kwanza alilofunga na marehemu baba yake lilikuwa limetundikwa ukutani, na ukilicharaza linakohoa, kwa sababu wiki ile mzee alikuwa na mafua. Lingine alilifunga akasahau dirisha wazi, akapita muuza nyanya. Kwaya iliyolinunua ilirudi ikilalamika kwamba kila wakifika kwenye wimbo wa toba, kuna mtu anasema, "Nyanya, nyanya, fungu la mwisho!" Walitengenezewa jingine safi. Baada ya mwezi wakalirudisha na kuomba lile la nyanya, eti hili jipya limepoa mno.

Makosa kama hayo hayakuweza kugunduliwa mapema, kwa kuwa mzee aliacha sharti moja: mcharazo wa kwanza ni wa mwenye gitaa. Fundi hugusa uzi mmoja mmoja, anaukaza, anaulegeza, basi. Zote sita kwa pamoja si haki yake.

Wauza mbao walimwita Fundi, mdogo wake alimwita Dada. Alianza kushika randa akiwa na miaka kumi na mbili. Wazazi walipofariki, alimbeba mdogo wake mgongoni huku akiranda mbao, na mpaka leo, mtu mzima na ndevu zake, yule bwana akisikia randa inapita juu ya ubao anasinzia. Kazi ya mikono haikumkaa. Alichojaliwa yeye ni ulimi. Tangu shule ya msingi walimwita Mheshimiwa, jina likamganda. Alipomaliza masomo aliyosomeshwa na dada yake, akashika chumba cha mbele: kupokea wateja, kuwakalisha, kuwasifia masikio yao. Patasi na bisibisi kwake vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyemlaumu.

Miezi miwili kabla ya mvua hizo ilikuja barua kutoka chuo cha muziki. Chuo kilikuwa kinatafuta fundi mkuu wa kwanza, mtu wa kupewa karakana yenye madirisha marefu na wanafunzi kumi na wawili, akae nao mpaka mwisho wa maisha yake ya kazi. Walikuwa wameyasikia magitaa ya nyumba ile, wakataka wamjue anayeyatengeneza.

"Dada, kiti hiki ni chako," alisema Mheshimiwa, akiikunja barua taratibu. "Wewe tengeneza gitaa la kuwaonyesha. Maneno niachie mimi. Wewe ukisimama mbele za watu unatetemeka mpaka watu wanakuonea huruma."

"Natetemeka kweli."

"Sasa je! Mimi nipo kwa kazi gani?"

Fundi alifurahi hadi akacheka peke yake akipiga msasa. Hakuwa na mtoto wala mwanafunzi. Alikuwa na miaka arobaini ya kazi vidoleni, na vidole vyenyewe vilikuwa vimeanza kukakamaa asubuhi. Alichotaka ni kitu kimoja tu: kabla havijamgomea kabisa, awashike watu wengine mikono, awafundishe kugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikia kama umeiva. Kile chumba cha madirisha marefu alikiota mara tatu. Akapeleka kitambaa cha kijani kwa mshonaji, akashonewa gauni.

Kisha akapanda ngazi akateremsha ubao wa baba. Mzee aliuhifadhi darini ukauke, ukakauka miaka thelathini na mmoja. Aliugonga karibu na sikio nao ukaitika vizuri. Akaukata, akaupasua, akaukwangua mpaka mwanga ukapenya. Mbavu za sanduku alizikunja kwenye bomba la moto, polepole, akizinyunyizia maji. Halafu ikafika ile siku ya tatu ya mvua, akakaza vibanio vyake ishirini na vinne.

Saa sita mchana aliigusa gundi kwa ukucha, ukucha ukaacha alama. Kiangazi, gundi ya asubuhi huwa mfupa ifikapo saa sita. Masika haikauki mpaka kesho yake. Hakumweleza mtu, kwa sababu jambo hilo linajulikana na vidole, na aliyetengeneza hata gitaa moja hawezi kulisahau. Akajifunika mfuko wa plastiki kichwani akaenda kwa muuza mbao kutafuta kipande cha daraja la nyuzi. Nyumba akamwachia mdogo wake, kama siku zote.

Aliporudi, alikuta nyayo za maji sakafuni, za jozi mbili za viatu, zimekwenda mpaka kwenye meza ya kazi na kurudi.

"Kulikuwa na mgeni?"

"Nani atoke na mvua hii, Dada?" alisema Mheshimiwa. Alikuwa amevaa tai. "Njoo unywe chai, umelowa chapachapa."

Akanywa chai.

Gitaa lilichukua wiki sita kumalizika, pamoja na vanishi. Siku ya sherehe Fundi alivaa gauni lake la kijani, akakaa safu ya pili ya ukumbi wa chuo, mkoba mapajani. Mheshimiwa alikaa mbele, karibu na Mkuu wa chuo. Fundi hakuona ubaya. Msemaji hukaa mbele.

Mwalimu wa gitaa alipanda jukwaani na gitaa lile, akasifu uzito wake, akasifu harufu yake, kisha akazicharaza nyuzi zote sita. Sauti ilijaa ukumbi mpaka kwenye mapazia. Na ndani yake, bila haraka, ikatoka sauti ya Mheshimiwa.

"Haya yote unayoyaona ni mikono yangu, Mkuu. Dada ananisaidia msasa tu, maskini. Masikio yamemwisha, hasikii. Siku ya sherehe usihangaike kumsemesha."

Ikafuata sauti ya Mkuu wa chuo, imejaa heshima: "Na hili hapa limekwishakauka? Tusije tukaliharibu kwa maneno yetu."

"Limekauka tangu saa sita," ilijibu sauti ya Mheshimiwa. "Mimi ndiye niliyelifunga, nisijue?"

Mcharazo ukaisha taratibu. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Bibi mmoja nyuma ya Fundi alimwambia mwenzake kwamba maneno yanatoka safi, hayakwaruzi, na kwamba la kwake nyumbani lina mbwa.

Fundi aliitazama shingo ya Mheshimiwa kule mbele. Huyu ni mtoto aliyemtafunia chakula. Kumbe wiki zote zile alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akilipaka gitaa vanishi na kuimba. Roho ilimuuma vibaya. Akasimama. Alitetemeka kweli, mkoba ukaanguka, lakini akasema.

"Gundi ilikuwa mbichi," alisema. "Msikilizeni anavyosema imekauka! Ingekuwa imekauka, msingemsikia leo. Aliyelifunga hili sanduku asingefungua mdomo wake mbele yake siku ile. Mimi ndiye niliyelifunga. Mimi."

Ukumbi ulimgeukia. Mkuu wa chuo, mtu mwema na msomi, alishuka jukwaani mwenyewe akamshika mikono yote miwili, akainama karibu na sikio lake na kupaza sauti kwa nguvu zote.

"NDIYO MAMA! NI ZURI SANA! KAKA YAKO AMEFANYA KAZI KUBWA!"

Watu wakapiga makofi. Mmoja alimwokotea mkoba. Mheshimiwa akaitwa, akavishwa joho, akakabidhiwa ufunguo wa chumba chenye madirisha marefu. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Alipotakiwa kusema machache, akamshukuru dada yake kwa msasa.

Jioni, nyumbani, Fundi hakuvua gauni. Alimsubiri kwenye meza ya kazi.

"Umenigeuka," alimwambia. "Wewe. Damu yangu."

"Dada, usikuze mambo." Mheshimiwa aliliweka joho kitini kwa uangalifu lisikunjamane. "Wewe na mimi si kitu kimoja? Jina likiwa langu limekuwa lako. Ungewezaje kusimama mbele ya wanafunzi kumi na wawili, wewe?"

"Kwa hiyo umeniziba masikio."

"Nilitafuta namna ya kukupumzisha."

"Nilikubeba mgongoni nikiranda, mdogo wangu. Mgongo huu huu."

"Najua," alisema Mheshimiwa, na sauti yake ililainika. "Ndiyo maana nikasema unanisaidia. Ningeweza kusema hupo kabisa."

Fundi alichukua randa akaanza kuranda kipande cha ubao kisicho na kazi yoyote. Alitaka mikono ishike kitu isije ikamshika mtu. Baada ya muda aligeuka, akamkuta Mheshimiwa amelala kitini, kinywa wazi, kama alivyokuwa akilala zamani. Akamtazama mpaka akachoka kumtazama.

Siku tatu hakuingia karakana. Kulikuwa na mbavu mbili zilizokunjwa ndani ya kalibu, na mbavu zikikaa siku nyingi bila kuunganishwa hujikunjua zikarudi ubao. Siku ya nne alienda kuzitazama tu, akaona zimeanza kufunguka. Akawasha moto chini ya bomba, maana mbavu hazikuwa na kosa.

Magitaa nayo yaliagizwa kwa wingi. Wanafunzi wa chuo walitaka, kila mmoja, gitaa lenye sauti ya fundi mkuu ndani yake, na wazazi wao wakaona ni jambo la maana, ni kama sahihi. Mheshimiwa alikuwa akienda chuoni asubuhi kuwaeleza wanafunzi juu ya uvumilivu. Adhuhuri alirudi nyumbani, siku ambazo kulikuwa na sanduku la kufungwa.

La kwanza kati ya hayo lilifungwa kiangazi kikiwa kimeingia. Fundi alipaka gundi, akalaza mgongo, akaanza vibanio. Mheshimiwa aliingia na joho lake, akavua viatu mlangoni.

"Mbichi?" aliuliza kwa ishara ya vidole. Siku hizi alikuwa anauliza.

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Mheshimiwa akainama juu ya sanduku, akakohoa kidogo pembeni, akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Gitaa hili limetengenezwa kwa mikono yangu mwenyewe, tangu ubao wa kwanza hadi uzi wa mwisho."

Fundi alikuwa ameshika kibanio cha kumi na tisa. Kinywa chake kilikuwa kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye sanduku, na gundi ilikuwa mbichi. Neno moja tu lingetosha. Angesema "mwongo," na neno hilo lingesikika kila gitaa linapopigwa, miaka na miaka, baada ya wote wawili kuzikwa. Neno lilipanda, likafika kooni, akalionja. Akalitazama sanduku. Viungo vilikuwa vimekaa sawasawa, hata wembe usingepita. Tangu ubao wa baba hakuwa amefunga sanduku zuri kama hilo. Ugomvi ungekaa humo milele, na mtoto wa watu angekuwa akicharaza nyimbo zake ugomvi ukimjibu. Akameza mate. Akakaza kibanio cha kumi na tisa, kisha cha ishirini.

Mwanafunzi alilipokea gitaa akalicharaza, akalisifu. Baada ya wiki alirudi. Alisema maneno ya fundi mkuu yanatoka vizuri, hana neno, ila nyuma ya maneno hayo kuna mtu anahema. Anahema kwa nguvu, kama aliyebeba mzigo.

"Hiyo ni mbao," alimjibu Mheshimiwa. "Mbao nzuri hupumua."

Mwanafunzi alipoondoka, Mheshimiwa alikwenda karakana, akasimama mlangoni akizungusha ufunguo kidoleni.

"Dada," alisema, "samahani kukusumbua. Safari ijayo, nikiwa nasema, ungejaribu kuzuia pumzi kidogo."

Fundi alikuwa akichanganya gundi. Aliuliza ni kwa muda gani.

"Si muda mrefu. Mpaka nimalize."

Jumatano walifunga lingine. Alipaka gundi, akalaza mgongo, akakaza vibanio kumi na nane. Mdogo wake alipoinama juu ya sanduku, Fundi akavuta pumzi, akaizuia. Mheshimiwa siku hiyo alikuwa na mengi ya kusema.