Nyumba ya Nguzo Kichwani mwa Mtaa

Wadha binti Harub alikuwa mtu wa kusema sana juu ya upepo. Kazi yake ilikuwa kuchora majumba, na hapo Sur, mji wa pwani ya Omani, hakuna karamu aliyohudhuria bila kuwaeleza wenziwe kwa nini mitaa mipya ina joto kama tanuri. Kila mtu anapandisha ukuta wa ua wake kumshinda jirani, nyumba zinabanana bega kwa bega, upepo wa bahari unafika mwanzo wa mtaa, unagonga, unarudi zake. Thabit, mumewe, alikuwa ameshazoea. Akimwona mkewe anasogeza birika la kahawa karibu na sahani ya halwa ili vigeuke majumba mawili, yeye huhamia kiti cha mbali.

Basi walipopata kiwanja upande wa baharini, kichwani mwa mtaa ule ule anaokaa shangazi yake, Bi Kaltham, Wadha aliona sasa ndiyo saa ya kuwaonyesha watu kwa vitendo. Majirani walikuwa na wasiwasi, kwani kile kiwanja kitupu ndicho kilichokuwa tundu lao la mwisho la hewa. Bwana Muhanna, mstaafu wa baladiya, yaani manispaa, mwenye nyumba inayofuata, alikuja kusimama pale huku amefunga mikono nyuma.

"Binti Harub, ukijenga hapa umetuziba pua."

"Hasha, Bwana Muhanna. Nyumba yangu itasimama juu ya nguzo. Chini kutakuwa kutupu, upepo upite utakavyo."

"Utakavyo?"

"Utakavyo, wallahi."

Baadaye alitamani angechagua neno jingine.

Alichora, akaupima mchoro kwenye kompyuta, na kompyuta ikamwonyesha mishale ya kijani ikiteleza chini ya nyumba kwa adabu. Alimpelekea Bi Kaltham aone.

"Shikamoo shangazi. Hebu tazama."

"Marahaba mwanangu. Mashallah, umechora samaki."

"Si samaki, shangazi. Huo ndio upepo."

"Aa! Mie nimeona samaki."

Nyumba ilimalizika wakati wa baridi na mtaa mzima ukaisifu. Watu walikuja kukaa kivulini mwa zile nguzo, na Wadha akawa anapita katikati yao taratibu, utadhani hewa yenyewe kaivumbua yeye.

Kisha joto likaingia, na kila baada ya adhuhuri upepo wa bahari ukaanza kuvuma. Zamani ulikuwa unajitawanya kiwanjani. Sasa ulikuta nyumba, ukajikusanya wote, ukajipenyeza chini yake, na ukatokea upande wa pili kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Huko ukakutana na safu mbili za kuta ndefu, ukashika njia ya katikati. Milango ikawa inajibamiza. Mchanga ukaingia mpaka kwenye majlis, chumba cha wageni. Kanga za Bi Kaltham zilizoanikwa asubuhi zilionekana jioni kwenye dishi la satelaiti la Bwana Muhanna.

"Upepo wa mwaka huu umezidi kila mahala," Wadha alikuwa akisema. Alimpigia hata binamu yake wa Qalhat ili apate ushahidi.

"Huku?" binamu akajibu. "Huku shwari tu, alhamdulillah."

Hakumwambia mtu kwamba amepiga simu. Badala yake, ili kuwatuliza majirani, aliwaalika chakula cha mchana, tena hapo hapo chini ya nyumba. Sufra ya nailoni ikatandikwa kutoka nguzo hadi nguzo, sinia za biriani zikapangwa, na Wadha, asiyejua kuacha lililo jema lipite kimya, akasimama kusema maneno mawili.

"Ndugu zangu, mtaa ni kama mwili. Nao unahitaji kupumua..."

Ukapumua. Ncha ya sufra isiyokaliwa na mtu iliinuka, ikasimama wima, ikawalalia wageni na kila kilichokuwa juu yake. Kofia ya Bwana Muhanna ilishuka mtaani ikibingirika. Ndevu zake zilijaa zabibu na zafarani. Wote wakamgeukia mwenye nyumba.

Bi Kaltham alijipangusa wali begani. "Mwanangu," akasema, "tuliomba upepo. Hatukuuomba wote."

Wadha alifungua kinywa aeleze kuwa jambo hilo lina jina lake la kitaalamu, ila kinywa kilikuwa na wali. Bwana Muhanna ndiye aliyeanza kucheka, na Wadha naye hakuweza kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini juu ya mchuzi.

Wageni walipoondoka Wadha alifungua ule mchoro kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza Thabit akaja mwenyewe kutazama.

"Nyumba yetu hii hapa," Thabit akasema. "Majirani wako wapi?"

Wadha akatazama. Pembeni mwa nyumba yake hapakuwa na kitu, uwanda mweupe tu.

"Sikuwachora."

"Weye? Unayewatukana watu kila karamu kwa kujenga kama wako peke yao jangwani?"

"Usinikumbushe, Thabit. Nimeshakumbuka mwenyewe."

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba kupima kuta, akipokelewa kila mlango kwa swali kama amekuja kuchukua kofia nyingine. Aliuchora mtaa wote. Baina ya nguzo akajenga kuta fupi za matofali ya matundu, moja mbele moja nyuma, zivunje kasi ya upepo, akapanda na mikunazi. Bwana Muhanna naye akakubali kubomoa kipande cha ukuta wake na kuweka matofali yale yale, kwa sharti kwamba Wadha asihutubie wakati wa kazi.

Upepo ukapoa, isipokuwa pembe moja mlangoni mwa Bi Kaltham, ambayo hakuna hesabu iliyoiweza. Bi Kaltham alikataa isiguswe tena. Aliweka kiti pale, na huwaambia wapitao kwamba huo ni mgao wake.

Baadaye mtu wa Ibra aitwaye Aflah alimwita Wadha amchoree nyumba. Aflah alipofika, alimkuta amekipita kiwanja na anabisha hodi mlango wa pili.

"Bibi, kiwanja changu ni hiki. Huko unawajua?"

"Bado," akasema Wadha, akabisha tena.