Maombi ya Mtahiniwa

Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024. Kulikucha kwa manyunyu, na ubaridi ukapenya kwenye nyufa za nyumba za kambi ya mkonge. Kristina aliwakaribisha wanajumuiya ndani. Ilikuwa desturi yao: mtoto wa darasa la saba haendi kwenye mtihani wa mwisho bila kuombewa.

Binti yake, Anastazia, alipiga magoti katikati yao. Huyo ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Na ndiye aliyemshika mama yake mkono, herufi kwa herufi, mama alipoanza kisomo cha jioni pale parokiani.

Lakini jana baba yake, Wilfred, alikata shauri.

"Kwenye fomu ya majibu siliba A tupu, kila swali, mwanangu. Ukifaulu halafu usiende sekondari, mtendaji wa kata ataniweka ndani. Ukifeli, hakuna wa kuniuliza."

Sekondari ilikuwa mbali, ingebidi apangishiwe chumba, na mkonge haukumpa mkataji chumba cha pili. Kule mjini, Nguvumali, Mama Edgar alikuwa akisubiri msichana wa kazi. Mwanawe Edgar naye alikuwa na mtihani uleule asubuhi hiyo. Yeye angepelekwa kwa gari.

Tangu jana Kristina alimwomba Mungu amfumbue kinywa. Kinywa kilibaki kizito.

Mzee Castory, mwenyekiti wa jumuiya, alimwekea binti mkono kichwani. "Haya mjukuu wangu, mwahidi Mungu mbele yetu kwamba utajibu kwa akili zako zote."

Anastazia akanyamaza.

"Makubwa! Mtihani haujaanza, huyu kashasahau majibu!" alitania jirani yao Imakulata. Watu wakacheka.

"Babu, siwezi kumwongopea Mungu," binti alisema. "Baba kaniambia nifeli."

Kicheko kikakatika. Kristina alingoja mtu amkemee Wilfred, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Hakutokea. Mzee Castory aliinamia sakafu. Binti zake mwenyewe walifelishwa vivyo hivyo, na sasa wanalea watoto wa watu mjini.

Kristina akainuka. "Mwanangu, we jibu unavyo..."

Imakulata akamvuta kanga. "Kaa chini, mama Anastazia. Chumba utampangia wewe?"

Kristina akakaa.

Anastazia alimtazama mama yake akikaa, kisha akamgeukia Wilfred.

"Baba, naahidi mbele ya hawa wote," alisema kwa sauti iliyofika hadi nje. "Nitasiliba A mpaka swali la mwisho."