Chupa Tatu za Gnilane

Mwanangu Latyr hakuangushwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotupeleka mahakamani, na kwa sababu Chama cha Mieleka cha Ndiaksil kiliandika kinyume chake katika daftari lao, kwa herufi ambazo hata mimi niliyeishia darasa la tatu nilizisoma bila taabu: Latyr Ndong, ameshindwa.

Ameshindwa na nani? Mpinzani wake alikuwa bado anafungwa hirizi kwenye chumba cha upande wa pili. Hawakuwa wamegusana hata kidole. Latyr alianguka kwenye ujia, hatua kama kumi na tano kabla ya kuukanyaga mchanga wa uwanja, juu ya vigae vipya ambavyo wakubwa wa Chama walivibandika ili wageni wao wasichafue viatu. Zamani ujia ule ulikuwa saruji tupu, unakwaruza kama kisigino cha mkulima, na hakuna mtu aliyewahi kuteleza pale. Siku ile gavana alitarajiwa, kwa hiyo vigae vikaoshwa kwa sabuni ya maji. Gavana akapitia mlango mwingine. Mwanangu akapita pale, peku, kama wanamieleka wote wanavyopita. Goti la kulia lilikatika kano mbili na nyonga ikachomoka. Ana miaka ishirini na sita sasa na anatembea kwa gongo la kwapani.

Lazima nieleze habari ya chupa, maana kesi yote iliishia kwenye chupa.

Kwetu hakuna mwanamieleka anayeingia uwanjani mkavu. Lazima amwagiwe kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, mwili mzima, kuanzia utosini. Wengine wana waganga wanne na ndoo tele. Latyr alikuwa na mama yake, Gnilane, na Gnilane hakumwachia mtu kazi hiyo. Alikwenda kijijini kwa mjomba wake, mwalimu wa Kurani, akarudi na kombe, akalichanganya na mizizi aliyoijua mwenyewe na maziwa ya ng'ombe mwekundu, akajaza chupa tatu. Kila chupa aliifunga shingoni kwa uzi mweusi wa pamba, mafundo saba, na kila fundo alilinong'oneza kabla ya kulikaza. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba. Na kila mara aliniambia yaleyale: usimwage sakafuni. Kombe linataka ardhi inayokunywa, sakafu haimezi kitu. Nimebeba chupa zake miaka sita na sijafungua hata moja kabla nyayo za mwanangu hazijagusa mchanga.

Kwa hiyo siku ile zilirudi nyumbani zote tatu, zimejaa, mafundo hayajaguswa.

Gnilane alifariki miezi saba baadaye. Hospitali walisema shinikizo la damu. Mimi nasema ni kile kibenchi cha nje ya ofisi ya Chama, ambako alikaa siku kumi na moja akisubiri katibu amwambie nani atasimamia matibabu ya mwanawe. Siku ya kumi na moja aliambiwa katibu ametoka kwenda kula. Aliyasikia maji yakimwagwa kwenye masinki ya jikoni kwao na harufu ya wali wa samaki ikamfikia pale alipo. Akarudi nyumbani, akajilaza kwenye mkeka, akasema kichwa kinamgonga. Sina daktari wa kuthibitisha neno langu. Lakini nilikuwepo.

Chupa niliziweka juu ya kabati la nguo zake. Sikuzimwaga. Mafundo yale ishirini na moja ndiyo kazi ya mwisho ya vidole vyake kwa mwanawe, na mimi kila nilipofungua macho asubuhi nilianza kwa kuyatazama.

Wakili wetu ni Sokhna Gaye, binti wa jirani, niliyemwona akijifunza kutembea. Alimwambia Latyr kwamba tunaweza kukidai Chama gharama za matibabu na ulemavu. Latyr akamuuliza kama mahakama inaweza pia kufuta lile neno kwenye daftari. Sokhna akasema ataliomba. "Liombe kwanza," Latyr akamwambia. "Haya mengine baadaye. Kila nikipita sokoni watoto wananiita yule aliyeanguka. Nataka iandikwe kwamba hakuna mtu aliyeniangusha."

Kesi iliahirishwa mara sita. Mara jaji yuko safarini, mara faili halionekani, mara wakili wa Chama, Badiane, ana homa. Homa ya Badiane ilikuwa inapona siku ya pili bila kukosa. Na kila mara tulimkuta kibarazani Demba Sy, bawabu na mfagizi wa uwanja wa mieleka, ambaye Chama kilimleta akae upande wao ili benchi lijae. Demba ni Mtukulori, na sisi ni Waserer. Makabila yetu ni watani tangu babu wa babu zetu, na mtani hanyamazi hata kama mko msibani.

"Watumwa wangu hao," akasema siku ya mwisho alipotuona tunapanda ngazi. "Nani kawafungulia zizi?"

"Tumemfuata mbuzi wetu," nikamjibu. "Babu yangu alikununua kwa kibuyu cha maziwa, na mpaka leo analalamika kaburini kwamba alipunjwa."

"Maziwa ya Waserer? Yale ambayo hata nzi anakunywa huku kaziba pua?"

Alikuwa anacheka, lakini mikono yake tayari ilikuwa imemshika Latyr kwapani kumpandisha ngazi ya mwisho. Kisha akarudi kuketi upande wa Chama. Ana watoto sita, na bosi wake kazini ni yule katibu. Sikumlaumu sana. Nilimlaumu kidogo.

Siku hiyo nilikuwa nimebeba gunia begani. Sokhna alikuwa ameniomba chupa ziwe ushahidi kwa wiki tatu na mimi nikawa nakataa. Asubuhi ile niliziteremsha kabatini bila kumwambia mtu.

Badiane alisimama akiwa na redio ndogo ya kaseti mkononi. Akamwambia jaji, mama mmoja mnene mpole anayeitwa Kane, kwamba hana haja ya kusema mengi, kwa sababu baba wa mlalamikaji ameshamsemea. Akabonyeza. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka mle ndani, inahema, na nyuma yake ngoma za uwanjani.

"Wamemwaga maji njiani! Ni maji ya wapinzani ndiyo yaliyomwangusha mwanangu!"

Chumba kizima kikacheka. Badiane akasubiri wamalize. Akasema kwa upole kwamba, kama mheshimiwa jaji anavyosikia, maji yalikuwa ya wanamieleka wenyewe, yawe ya upande huu au ule, na Chama hakiwezi kubeba mzigo wa makombe ya watu.

Nitasema ukweli kuhusu maneno yale. Latyr alipoanguka nilipiga magoti kumwinua, na suruali yangu ikalowa. Usiku ule ilikauka ikaacha weupe magotini, inanuka limau, ile limau ya chupa ya dukani. Harufu hiyo niliisikia tangu pale pale, nikajua ni sabuni. Lakini mtu wa redio aliponiwekea kipaza sauti mdomoni, watu mia wamenizunguka, mwanangu amelala chini kama gunia la karanga, sikuweza kusema kwamba fahali wangu ameteleza kwenye sabuni kama mtoto bafuni. Kuangushwa na kombe la adui kuna heshima yake. Kila baba wa mwanamieleka niliyemjua angesema nilivyosema. Wakubwa wa Chama wanatujua. Walijua tutasema hivyo, wakauhifadhi mkanda wakatulia.

Latyr hakunitazama. Alikuwa anatazama goti lake. Akasema polepole, mimi tu nisikie, "Baba, waambie."

Sokhna aliniita mbele. Nikaapa. Nikasema niliyosema redioni yalikuwa uongo, na ni aibu iliyonisemesha. Nikaeleza habari ya limau. Badiane akauliza suruali iko wapi. Nikasema marehemu mke wangu aliifua. Wakacheka tena, wachache zaidi.

"Basi hatuna suruali," Badiane akasema. "Tuna mzee ambaye jana anasema hili na leo anasema lile."

Ndipo nikafungua gunia, nikaziweka chupa tatu juu ya meza ya karani. Nikasema hizi ndizo za siku ile, ndizo pekee tulizokuwa nazo, na hakuna iliyofunguliwa, kwa hiyo maji ya njiani hayakuwa yetu. Jaji akaziangalia nyuzi. Akauliza atajuaje kwamba kilichomo ni kombe la siku ile, si maji ya kawaida yaliyojazwa na kufungwa jana. Badiane naye akaona amepata nafasi, akadai zifunguliwe.

Karani akaleta mkasi.

"Mama," nikamwambia jaji, "naomba nisikate. Aliyefunga hatafunga tena."

Jaji Kane akautazama ule mkasi, akamwashiria karani auondoe. "Chukua muda wako, mzee wangu," akasema.

Nikaanza fundo la kwanza. Vidole vyangu vimebeba magunia miaka arobaini, havijui mambo madogo. La pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Hakuna aliyecheka sasa. Nilisikia feni, na nilisikia Latyr akihesabu kwa pumzi. Lilipofunguka la saba nilihisi mtu kaniachia mkono.

Nilikuwa nimesahau kwamba maziwa yaliyofungiwa zaidi ya miaka miwili hayakai kimya. Nilipozungusha kifuniko tu kikaruka, kombe likapanda kama chemchemi, likanimwagikia kifuani, likatiririka mezani hadi sakafuni. Lilikuwa jeupe, zito, lina mabonge na vipande vya mizizi. Harufu yake siwezi kuiandika. Karani alikimbilia dirishani. Badiane alifunika uso kwa faili lake. Mimi nilisimama nimelowa, nikiwaza jambo moja tu, kwamba limemwagika sakafuni, na Gnilane alinikataza.

Demba Sy akainuka. Hakuna aliyemtuma. Mtu aliyedeki maisha yake yote akiona sakafu imechafuka hawezi kukaa. Alitoka akarudi na ndoo na dekio, akaanza kufuta miguuni pangu. Kombe likawa linavutika kama ute wa bamia, linang'ang'ania kigae.

"Nilisema mimi," akaninong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia. "Maziwa ya Waserer hata dekio linayakataa. Nitadeki mpaka Idi. Ile sabuni ya siku ile niliifuta kwa mkupuo mmoja."

Jaji akaweka kalamu chini.

"Sabuni ya siku ipi?"

Demba aligeuka. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka yuko wapi. Katibu wa Chama alikuwa amemkazia macho. Demba akanitazama mimi, kifua kimelowa, uzi mweusi umening'inia kidoleni. Nilidhani atasema amekosea. Angeweza.

"Siku aliyoanguka mtumwa wangu huyu mdogo," akasema, akimwonyesha Latyr kwa mdomo. "Niliambiwa niwahi kabla gavana hajafika. Nikamwaga sabuni, nikaitwa geti kuu kabla sijasuuza. Niliporudi watu walishamwinua. Wakaniambia nisuuze upesi kabla redio haijafika. Nikasuuza."

"Nani alikwambia?"

Demba akalitazama dekio. "Mama, mimi nina watoto sita," akasema. Kisha akamtazama katibu.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Jaji alisema Chama kilizembea, kwamba kilijua sakafu ina utelezi na wanamieleka wanapita peku. Kikaamriwa kugharimia matibabu ya Latyr. Na ukurasa wa mwisho, ambao Sokhna alinisomea mara mbili, ukasema neno "ameshindwa" lifutwe, paandikwe kwamba Latyr Ndong hakufika kwenye pambano kwa sababu ya jeraha lililosababishwa na mwandaaji. Latyr aliomba nakala ya ukurasa huo tu. Ameukunja, anatembea nao.

Demba walimfukuza wiki ile ile. Anauza kahawa karibu na stendi, na kila nikipita ananiambia Mserer ni mkosi hata akiwa ndani ya chupa. Katibu hakuna aliyemgusa. Bado anakula wali wake saa ileile.

Jioni ya hukumu Latyr alitoka uani, akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu cha mguu mbovu na kuuzika wayo mchangani. Akasema, "Baba, leta." Nikamletea chupa ya pili. Nilimpa aifungue mwenyewe, na mafundo yote saba aliyafungua moja moja. Nikammwagia kuanzia utosini, na ile harufu, na yeye kafumba macho kama alivyokuwa akiyafumba wakati mama yake akimwimbia kabla ya pambano. Mchanga ulikunywa yote, hata povu.

Ya tatu nimeibakiza juu ya kabati. Chama kimekata rufaa, na wale watu nawajua.