Programu ya Kumwozesha Raudha

Tangu madaktari wanitoe koromeo, sauti yangu huja usingizini. Haiji kuzungumza nami, inapita tu. Naisikia ikikata mitaa ya Tandika juu ya ile gari yangu ya matangazo, ikitangaza chanjo ya watoto, maji yatakayokatika, misiba ya watu nisiowajua, nami nimejilaza mchana na shuka hadi kidevuni, naisikiliza kama ya jirani. Mara nyingine gari inasimama mbele ya dirisha letu, injini inanguruma, kama vile sauti ina jambo la kuniambia mimi peke yangu. Halafu inaondoka. Naamka na hasira, maana sauti ni yangu na gari nilishaiuza.

Mimi ndiye Kondo Spika. Kwa miaka ishirini na minane hakuna mtu Temeke aliyefungua kesi, duka au maombolezo bila mimi kutangaza. Siku niliyorudi kutoka hospitali na tundu shingoni, mke wangu Chausiku aliniangalia sana, akasema, "Mume wangu, nilimwomba Mungu akupunguze. Sikumwomba akukomeshe." Tukacheka wote. Mimi nilicheka bila mlio, na jambo hilo linanitisha mpaka leo.

Mwanzoni niliandikia kwenye madaftari ya shule. Chausiku alikuwa anayawashia mkaa, kwa hiyo hoja zangu za mwaka mzima zilichemsha chai. Ndipo Raudha, binti yetu, aliponiletea kishikwambi. Anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Mbezi Beach, na alikinunua mtumba, kina ufa kwenye kona, pamoja na kalamu yake isiyo na wino.

Sikukihitaji kwa ajili ya kuomba maji ya kunywa. Raudha alikuwa anaolewa, na mimi ndiye walii wake. Katika ndoa zetu baba humshika mkono bwana harusi akasema, nimekuozesha binti yangu, na yule akajibu, nimekubali. Nitasemaje? Mdogo wangu Khalfani alikwisha kuipiga pasi kanzu yake. "Braza, we nipe tu uwakala," aliniambia. "Mdomo si ninao?" Nilitamani kumpiga kwa kishikwambi.

Kumkatalia kulikuwa na sababu nyingine, nayo sikuwa nimeiandika popote. Raudha aliwahi kuolewa miaka sita nyuma, na mimi ndiye niliyemwozesha. Siku ile nilisimama mlangoni mwa chumba cha wanawake nikamwuliza kama nimwozeshe kwa yule bwana wa Goba, na sauti yangu ilijaa chumba kizima hata mashangazi wakaziba masikio kwa utani. Raudha aliinamisha kichwa, hakusema kitu. Mwari hujibu kwa kimya, ndivyo tulivyofundishwa. "Kanyamaza, karidhika!" nikapaza, nikatoka nacheka, nikapanda gari nikawatangazia mitaa mitatu. Baada ya miaka miwili alirudi na begi moja. Aliliweka mlangoni akauliza kama kuna kiporo. Mimi, mwenye sauti kuliko watu wote wa Temeke, sikumwuliza kitu.

Basi safari hii nilitaka nimwozeshe kwa mdomo wangu mwenyewe, hata kama mdomo wenyewe ni wa kununua.

Tulianza kujaribu programu Jumamosi moja alasiri, barazani, Raudha akiwa mapumziko. Ya kwanza ilikuwa inasoma mwandiko, inaugeuza kuwa chapa, kisha inausema. Niliandika, nimekuozesha binti yangu Raudha. Kikatulia kidogo, halafu ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya mtu anayetangaza ndege katika nchi ya mbali, ikanena maneno yangu yote kwa lafudhi ya huko huko. Chausiku alitoka jikoni na chekecheke mkononi. "Nani huyo anamwozesha mwanangu?"

Ya pili ilikuwa na sauti ya kiume, na Kiswahili inakijua. Lakini ilitaka bando, na kila nikiandika kiduara kilizunguka, kikazunguka, nami nikawa natazama kile kiduara mpaka macho yanalegea na baraza lote linaanza kuelea. Kisha yule bwana alisema. Nilimpenda. Alikuwa na kifua, sauti nzito. Alasiri ya siku ya pili yake nililala, nikaota gari yangu inapita, na anayetangaza ni yeye.

"Ila huyu anakufutia mwandiko wako, Baba," Raudha alisema. "Akishausoma tu, anaufuta. Yanabaki maherufi ya mashine."

SI NDIYO KAZI YAKE, niliandika. Mimi huandika kwa herufi kubwa. Ni mazoea ya kazi.

"Mie naipenda hii ya tatu."

Ya tatu haikusema neno. Ilikuwa ukurasa mweupe tu, na mwandiko wangu ulibaki vile vile ulivyo, umelala upande kama nyasi za bondeni. YA NINI SASA, niliandika.

"Inatunza. Halafu ukurasa mmoja unafunguka kwako na kwangu. Ukiandika hapa, mie naona kwenye simu hata nikiwa kazini. Nami nikiandika, we unaona." Akaingia ndani na simu yake. Nilibaki nimekishika kishikwambi magotini, na pale kwenye weupe, chini ya herufi zangu nyeusi, yakaanza kutambaa maandishi ya buluu bila mkono wala kalamu: Shikamoo Baba. Niliitikia Marahaba, na buluu ikachora ua dogo, na kwa kitambo nilisahau kabisa nilipo. Lakini nilikuwa nataka sauti. Nikamwambia tutachukua ya pili.

Aliyeniharibia ni Sheikh Nurdin. Tulikwenda kwake na Khalfani kumwuliza, nikamsikilizisha yule bwana mwenye kifua. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Bubu huozesha kwa andiko lake," alisema, "maadamu liko wazi na mashahidi wanalielewa. Uandike pale pale, na bwana harusi akubali pale pale, yasiingie maneno mengine katikati. Hii sauti siitaki. Mashine haina binti."

Khalfani akakohoa. Sheikh akanigeukia tena. "Na jingine, Kondo. Raudha si mwari. Safari hii kimya chake hakitoshi. Wewe ndiye walii, nenda ukamwulize mwenyewe, naye ajibu kwa maneno."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni rahisi mno, na tangu niwe bubu nimekuwa fundi wake.

Ikabidi tubaki na ile ya tatu. Kwa wiki tano niliandika humo asubuhi hadi jioni, na niseme kweli, ilinizoea. Haikunisahihisha. Jioni moja Raudha alinionyesha kwamba nayo inasoma, ila inasomea moyoni. Ukiipa neno, inalitafuta katika mwandiko wako wote na kukuwashia rangi ya njano lilipo. Akaandika jina lake mwenyewe. Kurasa zikawaka taa kote, moja baada ya nyingine, mpaka nikaona fahari, baba gani ameandika jina la mwanawe mara nyingi hivi?

RAUDHA MAJI. RAUDHA FUNGA MLANGO. RAUDHA MWAMBIE MAMA YAKO CHUMVI. RAUDHA TWAHA AKICHELEWA TENA NAMFUKUZA.

Alicheka sana kwa hiyo ya mwisho. Twaha, mchumba wake, ni fundi friji wa Mtoni, kijana mpole, na kuchelewa huwa anachelewa. Kisha Raudha akaendelea kushuka kurasa polepole kwa kidole, njano baada ya njano, kama mtu aliyedondosha kitu na bado ana tamaa ya kukiokota. Alipofika mwisho alikifunika kishikwambi. Nilimtazama, maana yake, ulikuwa unatafuta nini?

"Basi tu, Baba."

Kulikuwa na nafasi nyingi za kumwuliza, wiki hiyo na iliyofuata. Kila mara nilishika kalamu, nikaandika jina lake, na mkono ukaendelea wenyewe kuagiza chai. Nilijifariji. Si ndiye aliyenitafutia programu? Si ndiye anayehangaika na bando? Binti asiyetaka kuolewa atahangaikia bando la nini?

Siku ikafika. Ndoa ilifungwa nyumbani baada ya alasiri, wanaume sebuleni juu ya mikeka, wanawake chumbani pamoja na Raudha na simu yake, mlango umerudishwa. Feni ilikuwa inazunguka taratibu, harufu ya pilau na udi imeingia mpaka kwenye kanzu, na mimi nilikaa mbele ya Twaha na kishikwambi mapajani nikiona kila kitu kama kupitia maji. Watu walifungua vinywa, sauti zikafika baadaye. Nilidhani nitaamka.

"Walii," alisema Sheikh Nurdin, "idhini ya binti umeichukua?"

Kichwa changu kilikuwa tayari kimeanza kuinama kusema ndiyo. Kiliinama nusu. Ndipo nilipojiona vizuri, Kondo yule yule, mlangoni pale pale, safari hii bila hata kelele za kujisingizia. Nilikuwa nakwenda kumwozesha mwanangu kwa kimya mara ya pili, na aliyenyamaza safari hii ni mimi.

Nikatikisa kichwa kukataa. Sebule nzima ikanong'ona. Nikaandika, na kwa mara ya kwanza niliandika kwa herufi ndogo, maana hili halikuwa tangazo:

Raudha mwanangu, unamtaka Twaha?

Nikageuza kishikwambi, Sheikh akasoma, akafumba macho akangoja. Nami nikangoja. Ukurasa ulibaki mweupe. Twaha alijifuta jasho kwa kofia. Nilisikia feni, nikasikia mtoto akililia soda uani. Mlango ule ulikuwa hatua sita, na nyuma yake hapakuwa na hata mnong'ono.

"Mtandao huo, braza," alisema Khalfani. "We endelea. Mtoto kanyamaza, karidhika."

Maneno yangu yale yale, kutoka kinywani mwake. Niliiweka kalamu chini juu ya mkeka, nikakunja mikono. Kama ni mtandao, tutaungoja mtandao. Kama ni yeye, tutamngoja yeye, na kama jibu ni hapana, pilau litaliwa na wageni watakwenda kwao, nami nitamshukuru Mungu kwamba safari moja nimeuliza nikangoja jibu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kisu cha madaktari.

Buluu ikaja. Ilikuja polepole, herufi moja, nyingine, ikasimama, ikaendelea.

Safari hii nataka, Baba.

Nilisoma hadi mwisho nikarudi kwenye maneno mawili ya mwanzo, nikabaki hapo hapo. Nilijua. Niseme kweli mbele ya Mungu, nilijua tangu siku ile. Nilikiona kile kichwa kilivyoinama, na nilipandisha sauti ili nisiendelee kukiona.

Sheikh alichukua kishikwambi akasoma, akawapa mashahidi wakasoma. Khalfani alisogeza shingo. "Safari hii?" aliuliza. "Kwani ile?" 

Niliporudishiwa niliokota kalamu. Wote walikuwa wananitazama, bwana harusi, mashahidi, mdogo wangu mwenye mdomo. Niliandika chini ya buluu yake, pale pale panapoonekana na kila mtu: Ile sikungoja jibu lako. Nisamehe, mwanangu.

Sheikh Nurdin angeweza kusema hapa si mahali pake. Aliangalia mkeka.

Andika, Baba, ilisema buluu.

Nikamshika Twaha mkono wa kulia kwa mkono wangu wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kazi, na Sheikh aliacha iwe hivyo. Nikaandika, nimekuozesha binti yangu Raudha kwa mahari mliyokubaliana. Mashahidi waliinamia ukurasa wakifuata neno kwa neno. Kijana yule anayechelewa kila mahali alisema nimekubali kabla sijainua kalamu.

Na hapo, kabla mtu hajanyanyuka kupeleka habari, vigelegele vikalipuka chumbani. Wanawake wote walikuwa wamejazana nyuma ya Raudha, wanasoma. Chausiku aliniambia baadaye kwamba walisoma yote tangu mwanzo, na kwamba shangazi mmoja wa siku ile ya Goba alilia kwanza, ndipo akapiga kigelegele.