Maji Bado

Nilipoliburuta lile tangi la vioo kutoka uvunguni, Baba hakugeuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, magoti karibu yaguse ukuta, macho kayatuliza kwenye rangi iliyobanduka. Nilipita nyuma yake nikihema, kioo kikigonga mlango na vumbi likinikaba koo, nikasema, "Samahani, Baba." Hakujibu. Ilikuwa miezi mitatu sasa hajibu.

Baba ni baba mkwe wangu. Mwanawe, mume wangu, alikuwa fundi vioo, kazi aliyofundishwa na mzee huyu huyu, na moyo wake ulisimama asubuhi moja akifunga viatu aende kazini. Nasema kwa ufupi kwa sababu nimechoka kuusimulia msiba ule. Kila aliyekuja kutoa pole alitaka kujua alikuwa amefikia kiatu cha mguu gani.

Tangi alilitengeneza mume wangu mwenyewe, kwa vipande vilivyobaki kwenye madirisha ya watu. Alisema atapanda mimea ndani, atie na samaki wadogo wadogo, liwe pambo la sebule. Akaliunganisha kwa gundi nyeusi, akalijaza maji siku mbili, halikuvuja, akalisukuma uvunguni hadi apate nafasi. Likakaa huko mwaka mzima, nami nikiligonga kwa kidole cha mguu kila nikitandika kitanda.

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Mikasi, koleo na visu hutujia na damu. Tunaviloweka, tunavisugua kwa burashi, tunavifunga na kuviingiza kwenye mashine ya mvuke. Kila furushi linabandikwa utepe wenye mistari hafifu. Likitoka na mistari imekuwa myeusi, ndani yake hakuna kilichobaki hai, nasi tunaliruhusu liende kwa daktari. Nimeiangalia mistari hiyo ikigeuka myeusi kwa miaka kumi na tisa. Nikirudi nyumbani, mikono yangu haijui kwamba zamu imekwisha.

Ndiyo maana wiki ya tatu baada ya mazishi nililifua koti la kazi la mume wangu. Baba alikuwa akishinda nalo mapajani, kakunja vidole kwenye kola yake. Nikaona lina jasho na vumbi la vioo, na mzee kifua chake si kizuri. Alipolala mchana nikalichukua, nikalichemsha kwa dawa, nikalisuuza, nikalichemsha tena, nikalipiga pasi. Nikamrudishia limenyooka kama jipya. Akaliinua hadi puani, akalishikilia hapo kitambo, kisha akanipa. Akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta, na tangu hapo sikuisikia sauti yake.

Wifi yangu alipiga simu kutoka mji wake.

"Wifi, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini baba yangu hawezi kuimalizia dunia akitazama rangi ya ukuta."

"Anakula," nikasema.

"Vijiko vingapi?"

Nikaitazama sahani yake ya mchana, bado karibu imejaa.

"Basi. Baada ya wiki tano napata likizo, nakuja. Nikimkuta bado kageukia ukuta, nafunga vitu vyake naondoka naye."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Sikutaka Baba aondoke. Sina maneno ya kulipamba jambo hili. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mtu mmoja aliyekohoa kama alivyokuwa akikohoa mume wangu, mara mbili kwa ufupi na mara moja kwa kuvuta, na nikikisikia kikohozi kile alfajiri niliweza kuinuka kitandani. Bila hicho sikujua ningeinuliwa na nini.

Kwa kuwa yeye hakutaka kuuacha ukuta, niliona nami niuwekee ukuta kitu. Nikamvuta na kiti chake hatua moja nyuma, naye hakupinga, nikaegemeza kabati fupi ukutani mbele yake. Juu ya kabati nikalipandisha tangi.

Muuza samaki wa mapambo ana kibanda nyuma ya fundi viatu, na watu wanamwita Polepole, maana hata kukurudishia salamu anachukua muda. Alinipa udongo mweusi, changarawe, kigogo kilichopindapinda, mimea ya aina tatu, na chujio dogo lenye sponji ndani. Nikanyoosha kidole kwenye samaki wenye mstari wa buluu.

"Hao hapana, dada," alisema. "Kwanza maji."

"Maji ninayo."

"Una maji ya bomba. Samaki akinya, kinyesi chake kinakuwa sumu. Kuna vijidudu vya kuila sumu hiyo, lakini havijahamia kwako. Kila siku tupia chembe mbili za chakula, zioze. Vitakuja vyenyewe. Mwezi, mwezi na kitu." Akanipa chupa ya matone na kijibomba cha kioo cha kupimia. "Chota maji humu, dondoshea matone; yakigeuka kijani, sumu ipo. Yakiwa manjano, njoo tuongee samaki."

Nilihesabu wiki zangu tano, nikaona zinatosha kwa kubana. Jioni ile nililaza udongo, nikaufunika changarawe, nikafunga mimea kwenye kigogo kwa uzi mweusi kwa mkono ule ule unaofunga mafurushi ya mikasi. Nikamimina maji niliyoyalaza kwenye ndoo tangu jana, juu ya sahani, ili udongo usitibuke. Taa ikawaka. Baba akapepesa macho kwa mwanga, na ikawa ni hilo tu.

Siku zikaenda. Kila nikitoka kazini, miguu imevimba, nilipima maji kabla hata ya kuvua viatu: kijani. Majani ya kwanza yakalegea na kuwa membamba hata ukaona upande wa pili. Chembe za chakula zikaota manyoya meupe. Kigogo kikafunikwa na ute, na vioo vikaingia utando wa rangi ya kahawia. Kulikuwa na harufu ya kidimbwi sebuleni. Nilikuwa nikilala nikiuwaza ute ule, na kazini nikisugua koleo niliuona.

Wiki ya tatu, siku ya mapumziko, uvumilivu ulinishinda. Nikayamwaga maji yote. Nikang'oa mimea, nikakisugua kigogo kwa burashi, nikachemsha changarawe kwenye sufuria. Sponji ilikuwa nyeusi kwa uchafu. Nikaiosha chini ya bomba kwa dawa hadi ikawa nyeupe, nikaiminya, nikainusa, nikaridhika. Kisha nikapiga magoti mbele ya tangi tupu na wembe mpya, nikakwangua vioo vyote, ndani na nje. Kwenye kona ya chini, kwa nje, kulikuwa na donge la gundi lililovimba vibaya. Lilikuwa limenikera tangu siku ya kwanza. Nikauelekeza wembe pale.

"Hapo acha."

Nilidhani ni redio ya jirani.

"Hapo acha, nimesema. Hilo dole gumba lake."

Baba alikuwa ameinama mbele, mkono umenyooka. Nikauweka wembe chini. Nikalisogelea donge lile hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikasubiri ukungu uondoke. Palikuwa na mistari ya ngozi, myembamba, imezunguka vizuri, na katikati ilikatizwa na kovu. Kovu hilo nalijua. Nililifunga mimi kwa kitambaa, mwaka tulipooana, kioo cha duka kilipomchana.

"Gundi haikutakiwa kuguswa siku ile," Baba alisema. Sauti ilikuwa na kutu. "Nimemwambia mara ngapi. Hana subira."

Kwa wiki tatu nilidhani anatazama ukuta kupitia maji. Alikuwa akitazama pale.

"Lile koti, Baba," nikasema.

"Lilikuwa na jasho lake. Ukanipa nguo ya dukani."

"Kwa nini hukunigombeza?"

"Ningeanza, nisingekoma. Na wewe pia ulikuwa umefiwa."

Nikakaa sakafuni palipolowa, nikalia kilio ambacho sikukilia makaburini, kamasi na yote. Nilililia koti, nikayalilia mashuka niliyoyabadilisha siku ile ile, na mto, na wembe wake nilioutupa, na kila kitu nilichokitakasa katika nyumba ile mpaka asibaki popote. Baba aliniachia nilie. Nilipotulia akasema nitafute kitambaa nikaushe, sakafu inateleza, nisije nikamvunja mtu nyonga.

Kesho yake nikaenda kwa Polepole na sponji yangu nyeupe kwenye mfuko. Akaigeuza huku na huku.

"Umetumia nini?"

"Dawa. Ya kazini."

"Dada," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka, "vijidudu vilishahamia. Vilikuwa vinapanga fanicha. Umekwenda kuviua na watoto wao."

Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko katika tangi lake kubwa, akatoa sponji nyeusi tii, akaikata nusu kwa mkasi, akaitia kwenye chupa na maji yake machafu. "Uchafu huu una miaka sita. Usiuoshe. Usiuonyeshe hata sabuni." Nilirudi nyumbani nimeipakata chupa ile, mikono ikiniwasha. Msimamizi wangu wa kazi angeniona, angenipa likizo ya lazima.

Nikalipanga na kulijaza tangi upya, nikaitia sponji ile, na safari hii sikugusa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi. Ute ulirudi, nikaupita. Utando ukarudi, nikakunja mikono kwapani. Kupima alikuchukua Baba, maana yeye ndiye aliyeshinda nyumbani na jicho lake la fundi halijazeeka, anadondosha matone, anakiinua kijibomba dirishani, na nikiingia ananiambia kabla sijauliza, "Kijani." Siku nyingine, "Kijani, lakini kimepauka." Akaanza kumaliza sahani yake. Konokono mmoja, mdogo kama punje ya mtama, alitokea kwenye jani. Alikuja na mimea bila kualikwa. Baba akamwita Fundi Msaidizi, kwa sababu alipita kwenye kioo kile kile kutwa na hakuna alichomaliza.

Halafu Alhamisi nilipoingia, Baba hakusema kitu. Kijibomba kilikuwa kimesimama juu ya kabati, na maji yake yalikuwa ya manjano. Nikamtazama. Akashughulika na kifungo cha shati. Nami nikaenda kupika.

Wifi alifika Jumamosi, na begi kubwa, tupu. Alisimama mlangoni mwa sebule akalitazama tangi, akakitazama na kiti.

"Wifi, jamani," alisema kwa sauti ya chini. "Bado kageukia ukuta ule ule. Mmeuwekea maji tu. Mbona hamna samaki?"

"Karibu chai kwanza," nikasema.

Alikunywa amesimama. Kisha akachuchumaa mbele ya mzee, akamshika magoti. "Baba, nimekuja tuondoke wote. Chumba chako kiko tayari."

"Siwezi," Baba alisema.

Wifi alimwachia magoti. Alikuwa amejiandaa kwa ukimya, hakuwa amejiandaa kwa jibu.

"Huwezi kwa nini?"

"Maji bado."

"Maji gani?"

"Haya. Bado yana sumu. Yanataka mtu wa kuyaangalia kutwa, na huyu mwenzako anashinda kazini. Nikiondoka sasa yataharibika, na kazi yote ya ndugu yako itakuwa bure."

Wifi aliuma mdomo. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Yatakuwa tayari lini, Baba?"

"Hayo hayana siku."

Akageuka kwangu, maana mimi ndiye mtu wa hospitali. "Ni kweli, wifi? Bado?"

Kijibomba cha asubuhi kilikuwa juu ya kabati, kando ya kiwiko cha wifi, manjano safi, kama kilivyokuwa jana na juzi. Miaka kumi na tisa sijawahi kuruhusu furushi ambalo mistari yake haijageuka, wala kuzuia lililokuwa tayari. Baba hakunitazama. Alikohoa, mara mbili kwa ufupi na mara moja kwa kuvuta.

"Ni kweli," nikasema. "Maji bado."

Aliondoka Jumapili mchana. Kwenye kizingiti alinikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza, "Kanijibu, wifi. Umesikia? Kanijibu," na begi likaenda tupu kama lilivyokuja, isipokuwa lile koti, ambalo aliomba apewe, nami nikampa.

Nikarudi ndani. Uchovu wa wiki tano ulinishukia wote kwa mara moja, nikavuta kigoda nikakaa kando ya Baba. Juu ya meza kulikuwa na vikombe vya chai na makombo ya mkate.

"Ile rangi ya maji," Baba alisema baadaye.

"Niliiona, Baba."

"Tangu Alhamisi."

"Niliiona."

Akaitikia kwa kichwa. Alinyoosha mkono, akaweka dole gumba lake kwenye kona ya chini ya tangi, juu ya lile jingine, akaliacha hapo. Fundi Msaidizi alikuwa amefika katikati ya kioo na amepumzika. Vikombe vilianza kukauka mezani, nami nikavitazama, nikavisikia vikiniita, nikabaki nimekaa.