Wateja Watarajiwa wa Ludovick

Ludovick alikuwa fundi majeneza, na fundi hasa, si wale wa kugongelea mbao mbichi kisha wakapaka vanishi ili macho yadanganyike. Jeneza lake liliunganishwa kwa meno ya mbao na gundi, misumari ikiwa ya kusaidia tu. Kwa miaka kumi na minne karakana yake ilikuwa hatua thelathini kutoka geti la hospitali, na hakuwahi kutafuta mteja. Mteja alitoka getini analia, anageuza shingo kushoto, anamkuta Ludovick amesimama na kofia mkononi. Kizuri chajiuza, alikuwa akisema, na kibaya chajitembeza.

Kisha mabanda yote ya pale yakabomolewa ili barabara ipanuliwe. Ludovick akapata kiwanja cha kupanga huko Kikwe, nje ya mji, katikati ya mashamba ya mahindi, mahali pazuri sana kwa mtu anayetaka kupumzika. Kwa miezi mitatu aliuza jeneza moja, na hilo lilinunuliwa na mtu aliyepotea njia. Sasa ilikuwa Oktoba. Krismasi Wachaga wote wanapanda kwao, na kaka yake mkubwa kule Rombo alishamwambia bila kuzunguka: ukija mwaka huu bado unahangaika, funga hiyo karakana, ubaki hapa tulime migomba. Ludovick alikuwa na miaka hamsini na moja. Kuamshwa na kaka yake kila alfajiri akakate majani ya ng'ombe, kama mtoto wa shule, ni jambo alilokuwa tayari kufanya lolote ili alikwepe.

Aliyemletea habari ya faneli ni Nice, mtoto wa dada yake. Nice aliuza magauni ya mtumba kwa simu, na alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili ya biashara ya mtandaoni, akarudi na cheti, kalamu na maneno mengi.

"Shikamoo mjomba. Ile faneli yako ya kumiminia mafuta ya taa iko wapi?" Akaishika juu. "Angalia. Huku kwenye mdomo mpana wanaingia watu wengi, wanakuona tu. Wakishuka kidogo, wachache wanavutiwa. Wakishuka tena, wachache zaidi wanauliza bei. Huku chini anadondoka mmoja, ananunua."

"Na wale wengine?"

"Unawalea. Unawasalimia, unawapa ofa, unawakumbusha. Ila usimimine yeyote tu, mjomba. Unaanza na watu wanaohitaji bidhaa yako."

"Mwanangu," Ludovick akasema kwa upole, "niambie mmoja asiyeihitaji."

Nice akairudisha faneli mahali pake. Semina haikuwa imefika huko.

Kesho yake asubuhi Ludovick alinunua bando, akafungua kundi la WhatsApp na kuingiza kila namba iliyokuwa kwenye simu yake. Wakaingia wenzake wote wa jumuiya ya kanisani, wanakwaya, kamati ya harusi moja ya zamani, daktari wa meno, fundi pikipiki na padri msaidizi. Watu mia mbili na kumi na wawili. Kundi akaliita WATEJA WATARAJIWA. Akaweka picha ya jeneza lake bora la mninga, na chini yake akaandika:

"Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, tumeamkaje? Karibuni tuwahudumie. Kila mmoja wetu atafikiwa, kwa utaratibu. Ofa: punguzo la asilimia kumi kwa watakaowahi. Mwisho Jumapili."

Sasa, watu wetu wamezoea. Mtu akiwa na shughuli hakuombi ruhusa. Unaamka tu umeshaingizwa kwenye kundi, na unajua kuwa kujitoa ni kutangaza uadui. Kwa hiyo mwanzoni walikuwa wastaarabu. Milele amina, wakaandika. Asante kwa kuniunga. Kisha wakaiona picha, na mama mmoja wa kwaya akaandika kwa huzuni: "Jamani poleni sana. Msiba ni wa nani?"

Ludovick, ambaye hakuwahi kumdanganya mteja, akajibu: "Bado."

Wa kwanza kujitoa alikuwa Sylvanus, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye daktari alikuwa amemwanzishia dawa za presha wiki hiyo hiyo. Nyuma yake wakafuata kwa makumi. Padri msaidizi alitoa baraka kwanza, halafu akajitoa. Ilipofika saa sita walikuwa wamebaki tisa, na sita kati yao walikuwa hawajawasha data.

Nice alikuja mbio kwa bodaboda. "Mjomba, umefanya nini!"

"Si ulisema wanapungua kadiri wanavyoshuka? Wamepungua."

"Hawajashuka, wamekimbia!"

"Lakini yupo aliyeshuka. Tazama." Chini ya picha ya jeneza palikuwa na kopa moja jekundu. Lilikuwa limewekwa na Mama Fransiska wa Moshono, mjane wa miaka sabini na nane.

"Huyo kateleza kidole, mjomba. Ni bibi. Usimguse, tafadhali."

Maneno yalichelewa. Ludovick alikuwa ameshamwandikia pembeni, kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Nimeona umelipenda. Je, una mpango wa lini?"

Nice akakaa chini juu ya maranda, akajishika kichwa.

Mchana huo simu ililia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa Sylvanus. Jumamosi sala ya jumuiya ingekuwa kwa Mama Fransiska, na baada ya sala Ludovick alitakiwa asimame aeleze kwa nini anawahesabu wenzake kabla Mungu hajawahesabu. Ludovick alielewa vizuri maana yake. Jumuiya ndiyo inayoitwa kwanza msiba unapotokea, na ndiyo inayosema twende kwa fundi gani. Ikimpa mgongo, hata wale wanaopotea njia wataelekezwa kwingine.

Mara ya pili alikuwa Mama Fransiska mwenyewe. "Jumamosi uje na moja lililokamilika," alisema. "Picha haibebi mtu." Akakata.

Jumamosi asubuhi Ludovick alifika Moshono na jeneza la mninga nyuma ya pikapu ya kukodi, limefunikwa turubai. Walisali. Walipomaliza Sylvanus alisimama, na kwa urefu wake kusimama kulichukua muda.

"Ndugu Ludovick. Umetuandikia kwamba kila mmoja atafikiwa, kwa utaratibu. Tunaomba kuujua huo utaratibu. Umeanza na nani?"

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Ludovick alisimama, kofia mkononi. Alitaka kueleza habari ya faneli, akaona itazidisha kosa. Akaomba radhi. Alisema alihama mjini, hakuna anayemwona, na aliogopa. Alisema kweli tupu.

"Umemaliza, mwenyekiti?" Mama Fransiska aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Maana huyu nimemwita mimi. Lishusheni."

Likashushwa, turubai likavutwa. Baadhi ya akina mama walijifunga kanga upya ili wapate mahali pa kutazama. Mama Fransiska alipiga magoti, akaligonga kitako, akaligonga tena.

"Mume wangu tulimpeleka Rombo kwenye jeneza la kung'aa," alisema bila kuinuka. "Wakati wa kumshusha kwenye gari, mbele ya wakwe, kitako kikaachia. Miaka kumi na moja sasa. Kila nikifumba macho nausikia ule mlio. Watoto wangu hawataki niseme habari hizi, wanasema najitabiria. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mpango wangu ni upi." Akamgeukia Ludovick. "Una kilo ngapi?"

"Themanini na mbili, mama."

"Marehemu alikuwa themanini. Ingia."

"Mama?"

"Vua viatu uingie. Na ninyi wanaume wanne wa mbele mbebeni. Si ndio mtakaonibeba mimi? Haya, jaribuni. Mwenyekiti, wewe shika kichwani."

Mbele ya mwenye nyumba aliyezidi miaka sabini hakuna mwenyekiti. Ludovick alilala ndani ya kazi yake mwenyewe, wakamwinua. Walimzungusha uani, wakamvusha mfereji wa maji, wakampandisha ngazi tatu za barazani na kumteremsha tena. "Mtikiseni," Mama Fransiska aliamuru, naye akatembea pembeni akiwa ameweka kiganja kwenye ubao. Ludovick aliona kilele cha Mlima Meru kikipita kushoto, kisha kikarudi kulia. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Alikumbuka kila jino la mbao na siku aliyoligonga, na kila alichowahi kukiacha kwa kusema kitatosha. Alitega sikio asikie mbao zinasemaje. Hazikusema kitu.

Wakamtua. Mama Fransiska alipitisha mkono chini, kutoka kichwani mpaka miguuni, polepole. Alipoutoa alikuwa analia, na hakujificha.

"Kitako hakikulia," alisema. "Nalichukua. Litakaa chumbani kwangu, na watoto wakiuliza waambieni waje kwangu. Leo nitalala." Akaingia ndani kutazama chai.

Akina mama walilizunguka jeneza, wakipapasa maungio, wakiulizana bei kwa sauti ndogo huku Ludovick angali amelala ndani kama hayupo. Hakuthubutu kuinuka. Aliwahesabu wanaouliza mpaka akapotelewa na hesabu, akafumba macho asije akatabasamu. Kisha wakaitwa chai, uwanja ukatulia. Alipofumbua macho, Sylvanus alikuwa ameinama juu yake, jasho linamtoka, anatazama huku na huku kama hapiti mtu.

"Ludovick," alinong'ona. "Mimi hata kitandani miguu huwa inazidi. Hivi humu nitaenea?"

Ludovick akainuka, akashika viatu vyake, akampisha.