Dawa ya Siku za Hasira

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kwamba zilidunda zenyewe. Chembe za misuli ya moyo, kwenye kisahani, bila mwili wala mtu wa kuziudhi.

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Siku hiyo mtaalamu, mama mmoja mcheshi, alimwita achungulie kwenye hadubini.

"Kalsiamu ikiingia, chembe inajikunja. Dawa hii inaibania mlango. Tazama."

Akadondosha tone. Chembe zikalegea, kama wafanyakazi waliosikia bosi kasafiri. Akaongeza mawili. Zikasimama. Akazisuuza, na baada ya muda zikaanza tena, kwa kujivuta.

Jina la dawa Kimya alilijua. Lilikuwa kwenye pakiti ya mama yake, juu ya kabati.

"Na mtu anasuuzwaje?" Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aajiriwe.

"Mtu hasuuzwi, mdogo wangu."

Daktari alimwambia mama kidonge kimoja kila siku. Mama aliona daktari hajui maisha. Presha, alisema, huletwa na watu. Siku asipogombana na mtu, hamezi. Akigombana, kimoja. Wifi yake akija, vitatu, na anavimeza kabla mgeni hajaketi.

Jumamosi sauti ikapaa mlangoni.

"Hodi! Wifi, bado unapumua?"

"Napumua, kwa kukukomoa!" Mama tayari alikuwa kabatini. Vidonge vitatu vikamdondokea kiganjani.

Kimya akamshika mkono.

"Kimoja, mama. Na kesho kimoja, hata shangazi asipokuja."

"Niachie! Shangazi yako huyu si wa kidonge kimoja!"

"Nimesikia," alisema shangazi, akivua viatu.

"Zilisimama, mama. Kwenye kisahani. Matone matatu tu."

"Nini kilisimama? Na wewe leo sauti umeitoa wapi?"

Kimya hakuuachia mkono. Mama akamtazama binti yake, akatazama kiganja, akarudisha viwili kwenye pakiti huku akisonya. Kimoja akakimeza kwa maji.

"Haya. Umeridhika? Sasa sema kilichokupata."

Tangu baba azikwe, Kimya alikuwa na neno moja ambalo hajawahi kulitoa.

"Ukifa, mama, sina mwingine wa kukaa naye kimya."